Ukifika kwenye makasri ya Ufaransa, anza na bustani ya mboga

Wageni wengi wa Versailles hupita Ukumbi wa Vioo, wakatoka nje kupiga picha kwenye chemchemi, wakaondoka. Siwalaumu, kasri lenyewe lina jina kubwa mno. Ila mimi nashikilia kwamba bustani nzuri kuliko zote za makasri ya Ufaransa haiko pale, na hiyo iliyo nzuri imejaa kabichi.

Versailles ilikuwa na shida ya maji tangu mwanzo. Mfalme Louis wa 14 alitaka chemchemi kila upande, na mahali penyewe hapakuwa na mto wa kutosha. Mwaka 1684 ikawashwa mashine ya Marly, magurudumu 14 ndani ya mto Seine yakipandisha maji mlimani. Hayakutosha. Wahudumu wakawa wanapigiana miluzi: mfalme akikaribia wanafungulia maji, akishapita wanafunga. Kisha ukaanza mradi wa kuuleta mto Eure, maelfu ya askari wakapewa majembe, wengi wakafa kwa homa, na vita ya mwaka 1688 ikausimamisha. Haukumalizika. Kwangu, gharama hiyo ni kubwa mno kwa maji ya kutazamwa tu.

Na hapohapo, mwendo mfupi kutoka langoni, kuna Potager du Roi, bustani ya mboga ya mfalme, yenye ukubwa wa hekta 9 hivi. Jean-Baptiste de La Quintinie aliitengeneza kati ya 1678 na 1683 kwenye eneo la kinamasi lililobidi kujazwa udongo. Alitandika samadi mbichi chini ya matuta ili joto lake liamshe mbegu wakati wa baridi, akafunika miche kwa kengele za vioo, akapandisha miti ya matunda kwenye kuta zinazotunza joto la jua. Mfalme akala asparaga mwezi Desemba. Namheshimu mtu huyu kuliko hata André Le Nôtre, aliyechora bustani kubwa ya Versailles, ingawa nakiri kwamba kule kwenye kasri la Vaux-le-Vicomte Le Nôtre alifanya maajabu: ule mfereji mpana huuoni kabisa ukiwa kwenye ngazi za kasri, mpaka uukaribie kwa miguu.

Ninayoipenda zaidi ni Villandry, katika bonde la Loire, karibu na Tours. Daktari Joachim Carvallo, mzaliwa wa Hispania, na mkewe Mmarekani, Ann Coleman, walilinunua kasri hilo mwaka 1906. Wakaing'oa bustani ya mtindo wa Kiingereza waliyoikuta, wakarudisha ile ya karne ya 16. Mboga zimepangwa katika viwanja 9 vya mraba, vyote saizi moja, kila kimoja na mchoro wake. Kabichi za zambarau zimekaa karibu na majani mepesi ya karoti, spinachi za mashina mekundu zimefuata mstari, na miti mifupi ya peasi imesimama kando ya njia. Hupandwa mara mbili kwa mwaka, na aina za mboga huzungushwa kutoka kiwanja hadi kiwanja ili udongo usichoke. Kwingine mboga hufichwa nyuma ya ukuta, mbali na macho ya wageni. Carvallo aliziweka mahali zinapoonekana kutoka kasrini.

Kasri la Chenonceau nalo lipo katika bonde hilohilo, na bustani ya Diane de Poitiers, hawara wa Mfalme Henri wa 2, imeinuliwa juu ya kuta za mawe ili mafuriko ya mto Cher yasiifikie. Ile ya Catherine de Medici, mke wa Henri, aliyemtoa Diane kasrini baada ya mfalme huyo kufa mwaka 1559, ni ndogo zaidi, na mimi naiona imetulia kuliko ya mwenzake.

Siku hizi vile vichaka vya buxus, vinavyokatwa kama tarizi, vinashambuliwa na viwavi na ukungu nchi nzima. Vaux-le-Vicomte ilibidi ing'oe vyake mwaka 2019. Wanaotafuta cha kupanda badala yake wangetembelea Villandry kwanza, waone spinachi inavyoweza kuchora bustani.