Ratiba ya Basi: Haki ya Timu au Raha ya Shabiki?

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ipo Jumatatu moja ambayo mashabiki wa kikapu cha wanawake katika vyuo vidogo vya Marekani huwa kazini kwa mwili tu. Siku hiyo kamati ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hutangaza timu 64 za Daraja la Tatu zilizofuzu kuwania ubingwa wa taifa: nani anacheza na nani, na kwenye ukumbi wa nani. Mechi za kwanza zinapigwa wiki hiyohiyo. Ndani ya siku hizo chache mtu aombe ruhusa kazini, atafute hoteli, na familia zikubaliane gari la nani litatangulia. Na kabla hata begi halijafungwa, malalamiko yaleyale ya mwaka jana yanarudi: mbona tumepangiwa majirani tena?

Sababu ni basi. Daraja la Tatu lina vyuo zaidi ya 400, na hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kumlipia mwanafunzi ada kwa sababu tu anajua kufunga vikapu. Fedha zinazolifikia daraja hilo ni asilimia 3.18 ya mapato ya NCAA, na takriban robo tatu ya hizo huenda kwenye mashindano ya ubingwa ya michezo yote, kuanzia kuogelea hadi mbio za nyika. Ndiyo maana kwa miaka mingi kipimo kimekuwa maili 500, yaani kama kilomita 800. Timu iliyo ndani ya umbali huo kutoka kwa mwenyeji inakwenda kwa barabara; iliyo nje yake inalipiwa ndege. Kamati inazigawa timu katika makundi ya nnenne, mwenyeji mmoja na wageni watatu, huku ikizihesabu ndege kwa vidole. Siku ya kwanza mechi mbili, ya pili washindi wanakutana, na kundi zima linabakiza timu moja.

Wanaoupinga utaratibu huu wana hoja nzito, na uzito wake unaonekana zaidi Texas na kwenye pwani ya Pasifiki. Huko vyuo vya daraja hili ni vichache na vimetawanyika. Timu ya Texas iliyomaliza msimu na vipigo viwili vitatu inaweza kujikuta wikiendi ya kwanza inapambana na timu nyingine ya Texas yenye nguvu kama yake, pengine ileile waliyokwisha kukutana nayo kwenye ligi. Moja lazima itoke. Wakati huo huo, kule mashariki kuna timu ya kawaida tu imepata njia nyepesi na inasonga mbele. Mchezaji wa mwaka wa nne katika daraja hili hana mkataba wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, unaomsubiri. Akifungwa, maisha yake ya kikapu cha ushindani yameishia hapo. Kumtoa kwa sababu ya ramani ni jambo gumu kulitetea mbele yake.

Historia nayo inawaunga mkono. Mwaka 1972, kabla NCAA haijaanza kusimamia michezo ya wanawake, chama kilichoitwa AIAW kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya taifa ya kikapu katika mji wa Normal, Illinois. Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Pennsylvania nje ya Philadelphia, kilipangwa wa 15 kati ya timu 16. Fedha zilitosha kusafirisha wachezaji wanane tu. Fainali wakakutana na West Chester, chuo cha jirani kisichofika kilomita 20 kutoka kwao, ambacho muda mfupi kabla ya hapo kilikuwa kimewachapa kwa tofauti ya pointi 32. Immaculata wakashinda 52 kwa 48, kisha wakabeba tena ubingwa mwaka 1973 na 1974. Kwa hesabu ya basi, timu hizo mbili zingeweza kabisa kukutana raundi ya kwanza au ya pili, na mojawapo ya visa vinavyosimuliwa sana katika kikapu cha wanawake ingeishia kuwa mechi ya Ijumaa usiku isiyokumbukwa na mtu.

Lakini Immaculata hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisite. Waliompa kila mgeni tumbo joto pale hawakuwa wachezaji peke yao. Walikuwa masista, wamekaa jukwaani na mavazi yao ya kitawa, wanagonga ndoo za chuma kwa vijiti mpaka mchezaji wa timu pinzani anayetaka kutupa mitupo huru hasikii hata mawazo yake. Hawakuwa mashabiki wa kununuliwa wala wa kuvutwa na televisheni. Walikuwa wakazi wa palepale, waliowafundisha wasichana wale darasani asubuhi na kuwashangilia jioni. (Leo wasingefika mbali. Mashindano ya NCAA hayaruhusu vifaa vya kupiga kelele, na ndoo zingebaki mlangoni kwa mlinzi.) Shabiki wa chuo kidogo ni mtu wa karibu. Ukimpeleka mbali, hapatikani mwingine wa kukaa kwenye kiti chake.

Naandika haya nikiwa Grand Rapids, Michigan, mji ambao Wakongomani wamehamia kwa wingi kiasi kwamba Kiswahili utakisikia dukani na kanisani. Chuo Kikuu cha Calvin kiko hapa. Watani wao wa jadi, Chuo cha Hope, wako mji wa Holland, mwendo wa chini ya saa moja kuelekea ziwani. Ukumbi wa Hope, DeVos Fieldhouse, ulifunguliwa mwaka 2005 na una nafasi za watu wapatao 3,400. Kwa timu ya wanawake ya Daraja la Tatu ukumbi huo ni mkubwa mno, ila Hope wamezoea kuwa miongoni mwa wanaoongoza nchi nzima kwa mahudhurio. Utawaona wazee wenye fulana za rangi ya chungwa, wenye tiketi za msimu mzima, wanaojua kocha Brian Morehouse ataomba mapumziko lini kabla mwenyewe hajanyoosha mkono. Watu hao hawatapanda ndege kwenda Oregon kwa taarifa ya siku nne. Kwa gari, hata theluji ikiwa inaanguka, watakwenda.

Na walikwenda. Machi 2020 Hope walikuwa hawajapoteza mchezo, wamevuka wikiendi ya kwanza, ndipo mashindano yakafutwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2021 ubingwa wa Daraja la Tatu haukuchezwa kabisa. Mwaka 2022 wakafika fainali Pittsburgh, mwendo wa saa sita na ushei kwa barabara kutoka Holland, wakaifunga Wisconsin–Whitewater 71 kwa 58. Fainali ingekuwa California, kombe lingekuwa lilelile, ila jukwaani wangekuwa wazazi wachache na wapigapicha.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye ubao wa matokeo. Kwenye daraja hili wazazi ndio jeshi la usafirishaji. Mechi ikiisha, kwenye korido nje ya ukumbi zinafunguliwa meza za kukunja: sufuria la umeme lenye maharage na nyama ya kusaga, trei za sandwichi, biskuti zilizookwa jana usiku, kasha la barafu limejaa soda. Wachezaji wanatoka bafuni nywele bado mbichi, wanapanga foleni na sahani za karatasi, wadogo zao wanakimbizana katikati ya miguu ya watu. Ukikaa dakika kumi pale utaelewa kwa nini msichana anakubali kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka minne bila kulipwa hata senti. Sufuria lile halipandi ndege. Kuhamisha mechi kilomita 2,000 kwa jina la haki kunamaanisha timu kula pitsa hotelini na wazazi kufuatilia kwenye simu.

Wengine watasema, si watazame mtandaoni? Wanatazama. Lakini hata huko milango inafungwa: mwaka 2022 ligi ya Landmark, yenye vyuo kama Scranton na Elizabethtown (mabingwa wa kwanza wa daraja hili, 1982), ilisaini na FloSports, kampuni inayorusha michezo mtandaoni, na watazamaji wakaanza kudaiwa malipo kwa mechi walizozoea kuzipata bure. Vyuo vinahitaji fedha, sawa. Ila bibi anayemfuatilia mjukuu wake sasa analipia mara mbili: mafuta ya gari, na malipo ya kila mwezi.

Hata hivyo mwamba ngoma huvutia kwake, na hoja ya shabiki nayo ina ubinafsi wake. Anayefaidika zaidi na ratiba ya basi ni shabiki wa timu mwenyeji, ambaye hata basi hapandi. Isitoshe, mashabiki walioiva, wale wanaojua takwimu za wachezaji wa benchi, ndio wanaolalamika kuliko wote. Wamemwona mpinzani yuleyule Desemba, wakamwona Februari, hawana hamu ya kumwona Machi. Wanataka kujua kama timu yao inaweza kusimama na timu ya jimbo wasilowahi kufika.

Tena mabishano yenyewe mara nyingi yanagonga ukuta usiohusika. Chukua Chuo Kikuu cha New York (NYU) na Chuo cha Smith. New York na Northampton, Massachusetts, zimetenganishwa na kama kilomita 260, safari ya basi isiyochosha mtu. Lakini timu hizo zilikutana fainali mwaka 2024 huko Columbus, NYU wakashinda 51 kwa 41, na zikakutana fainali tena mwaka 2025 Salem, Virginia, NYU wakashinda 77 kwa 49. Hakuna aliyelazimishwa kuwagonganisha mapema. Mashariki kuna vyuo tele, na kamati inaweza kuwatenganisha vigogo huku kila mmoja akisafiri kwa basi. Kwa hiyo kipimo cha maili 500 peke yake hakimuui mtu. Kinaumiza pale vyuo vinapokuwa vichache. Anayelalamika kutoka Massachusetts na anayelalamika kutoka Texas wanatumia maneno mamoja kwa matatizo mawili tofauti, na wa Texas ndiye mwenye haki zaidi ya kusikilizwa.

NCAA nao wamewahi kujaribu njia ya kinyume kabisa. Mwaka 2016 na tena 2023 fainali za madaraja yote matatu ya wanawake ziliwekwa kwenye mji mmoja. Ile ya 2023 ilikuwa Dallas, ndani ya American Airlines Center, nyumbani kwa Mavericks, timu ya ligi ya kulipwa ya NBA. Transylvania, chuo cha Lexington, Kentucky, chenye wanafunzi wapatao elfu moja, walikifunga Chuo Kikuu cha Christopher Newport 57 kwa 52 na kumaliza msimu na ushindi 33 bila kipigo. Kwa wachezaji nadhani ilikuwa siku ya kuwasimulia wajukuu: chumba cha kubadilishia nguo cha wataalamu, na kesho yake kwenye sakafu hiyohiyo LSU wakacheza fainali ya Daraja la Kwanza na Iowa ya nyota Caitlin Clark. Nani atawanyima hilo? Mimi siwezi.

Ila angalia upande wa pili. Nusu fainali za Daraja la Tatu zilichezwa Hartford, Connecticut, tarehe 18 Machi, na fainali tarehe 1 Aprili. Wiki mbili! Shabiki wa Lexington aliyetaka kuiona timu yake mpaka mwisho alipaswa kwenda kaskazini-mashariki, kurudi, kukaa nusu mwezi, kisha kushuka zaidi ya kilomita 1,300 hadi Texas, kwenye ukumbi wa watu zaidi ya 19,000 ambao timu mbili za aina hii haziwezi hata kuufunika nusu. Sherehe ile iliwapa wachezaji jukwaa kubwa, ikawanyima watu waliowafikisha pale. Kuunganisha fainali si kosa. Kosa ni pengo la wiki mbili, na hilo lilikuwa uamuzi wa ratiba ya televisheni na kumbi, halikuwa lazima ya mchezo.

Jambo la uenyeji nitaligusa upesi kwa sababu wengi nje ya vyuo hivi hawalijui. Chuo kimoja kikiwa na timu ya wanaume na ya wanawake, zote zimestahili kuwa mwenyeji wikiendi moja, kipaumbele hupeanwa kwa zamu, mwaka kwa mwaka. Yaani timu ya wanawake inaweza kuwa bora nchini na bado ikafungasha na kucheza ugenini kwa kuwa mwaka huu si zamu yake. Wanaume nao yanawapata hayohayo, kwa hiyo huwezi kuliita upendeleo. Lakini kwa shabiki aliyenunua tiketi ya msimu ili mradi aione Machi, zamu hiyo inauma kuliko maili 500.

Msimamo wangu ni kwamba wikiendi ya kwanza ibaki ya basi kwa vyuo vya mashariki na Kati-Magharibi, maana hapo ndipo jukwaa linapojaa na sufuria linapofika. Fedha za ndege zitumike kwa wachache wenye shida ya kweli: kila mwaka timu mbili za Texas zenye nguvu zisiwekwe kundi moja, na mojawapo irushwe hata kama ni Ohio, na vivyo hivyo kwa pwani ya Pasifiki. Gharama ni ndege chache, si mfumo mpya. Wikiendi ya pili, zikibaki timu 16, ramani iwekwe kando kabisa na nafasi zipangwe kwa ubora. Mashabiki wa Oregon bado watabaki nyumbani wengi wao, na sioni ratiba itakayowafikisha. Angalau timu yao itakuwa imetolewa na mtu mgeni.