Uzito wa Chuma katika Toleo la 33 la Spider-Man

Toleo la 33 la jarida la vibonzo The Amazing Spider-Man, lenye tarehe ya Februari 1966, hukumbukwa zaidi kwa kurasa zake tano za kwanza, ambamo shujaa amelaliwa na mtambo mkubwa wa chuma ndani ya maficho yaliyo chini ya maji, na paa linavuja. Sifa hizo ni za haki kabisa. Ninachopinga ni namna zinavyogawanywa, kwa maana wengi husema kwamba michoro ni ya Steve Ditko na uandishi ni wa Stan Lee, wakaishia hapo, ilhali sehemu kubwa ya uandishi wa toleo hili imo ndani ya michoro yenyewe.

Wakati huo Ditko hakuwa anapokea hadithi iliyokwisha kuandikwa. Alipanga matukio mwenyewe, akayachora ukurasa kwa ukurasa, kisha Lee akajaza maneno katika viputo na maelezo, na toleo lenyewe linamtambua Ditko kuwa ndiye aliyepanga hadithi. Kwa hiyo aliyeamua tukio lipewe nafasi kiasi gani, na msomaji acheleweshwe wapi, alikuwa mchoraji. Hiyo, kwa mtazamo wangu, ni kazi ya mwandishi.

Zitazame fremu zenyewe. Baada ya picha kubwa ya ufunguzi, ni ndogo, na mwili wa Spider-Man umebanwa chini huku chuma kikiwa kimeijaza nafasi yote iliyo juu yake, hata msomaji anahisi kana kwamba kingo za fremu nazo zinamkandamiza. Kopo la dawa limelala sakafuni mbele yake, mahali ambapo mkono hauwezi kulifikia. Matone ya maji yanaendelea kudondoka. Anajaribu kuinuka, anashindwa, anajaribu tena, na kadiri mgongo wake unavyonyooka ndivyo fremu zinavyopungua idadi na kuongezeka ukubwa, mpaka tunapofungua ukurasa wa tano na kukuta picha moja imeuchukua wote: chuma kiko juu ya kichwa chake, maji yanamwagika kila upande, na yeye amesimama. Hakuna adui katika ukurasa huo. Doctor Octopus, adui wa Spider-Man aliyeyaanzisha yote, hayupo, na kinachopigwa vita ni uzito na muda tu. Mtu angeweza kulimaliza tukio hili kwa fremu tatu, na wachoraji wengi wa vibonzo vya mashujaa wangefanya hivyo, kwa sababu kila mtu anajua tangu mwanzo kwamba shujaa atatoka. Ditko alijua hilo pia, na ndiyo maana hakutegemea shaka ya iwapo atatoka, bali alitufanya tuihesabu kila inchi.

Maneno ya Lee hapa yananisumbua. Spider-Man anaelezea maumivu ambayo tayari tunayaona, anajikumbusha kwamba mwilini mwake mna nguvu za watu wengi, na anajihimiza kwa sentensi ndefu ambazo mtu aliyebanwa kifua hawezi kuzitamka. Nilipozifunika kurasa hizo kwa vipande vya karatasi ili nibaki na picha tupu, tukio halikupoteza nguvu yake. Kwangu mimi liliongezeka.

Lakini nililazimika kuilegeza hukumu yangu. Nilimpa mpwa wangu, ambaye bado hasomi Kiingereza, kurasa hizo hizo. Alizipitia kimya, akafika ukurasa wa tano, akashusha pumzi, kisha akaniuliza, "Mjomba, mle ndani ya kopo mna nini?" Swali lake lilinionyesha kazi ambayo michoro haikuweza kuifanya peke yake. Kopo lina dawa ya kumwokoa May, ambaye kwa hesabu yetu ya ukoo ni mama mkubwa wa Peter Parker, kijana aliye nyuma ya kinyago cha Spider-Man, na anakufa kwa sababu ya damu yenye mionzi ambayo Peter mwenyewe alimtolea alipokuwa hospitalini, akidhani anamsaidia. Kabla ya hapo alikwisha kumpoteza baba yake mkubwa, Ben, kwa mikono ya mwizi ambaye yeye alimwacha apite. Anapowaza kwamba hawezi kushindwa mara ya pili, maneno ya Lee yanakipa chuma kile uzito ambao wino hauna. Laiti angeyaacha hayo peke yake na kuyafuta mengine, kurasa hizi zingekuwa hazina dosari.

Mapambano yanayofuata dhidi ya genge la Doctor Octopus hayana jipya kubwa, na sitayachelewesha hapa. Kinachostahili kutazamwa ni jinsi Ditko anavyokataa kumponya shujaa wake haraka. Peter anaingia katika ofisi ya Jameson, mwenye gazeti, kuuza picha alizopiga akiwa na uso uliovimba, na Betty Brant, katibu wa Jameson na mpenzi wa Peter, anapouona uso huo hofu inamjaa, hivyo ushindi ule ambao sisi tuliushuhudia unakuwa mbele ya macho yake sababu ya kumkimbia. Lee hapa anaandika vizuri zaidi, kwa mazungumzo mafupi yanayofanana na ya watu.

Kurasa za mwisho zinarudi hospitalini. Fremu ni ndogo tena, kama zile za mwanzo, lakini safari hii hakuna kinachombana mtu: daktari anasema mgonjwa atapona, May amelala, na Peter, ambaye hakuna hata mmoja pale anayejua alichokiinua, anaondoka taratibu akiwa amechoka.