Karoti za Vita na Wajuaji wa Leo

Ukisema karoti husaidia kuona gizani, hukosi mjuaji wa kukukatiza: hiyo ni propaganda ya Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa wanawaficha Wajerumani rada, mtambo wa kugundua ndege kwa mawimbi ya redio. Kisa chenyewe kipo. Novemba 1940 rubani Mwingereza John Cunningham alitungua usiku Junkers 88, ndege ya kivita ya Wajerumani, akiongozwa na rada iliyofungwa ndani ya ndege yake aina ya Beaufighter. Rada ilikuwa siri, basi sifa zikaenda kwenye macho yake. Akapachikwa jina la "Macho ya Paka", na karoti nazo zikapata umaarufu.

Ila mjuaji naye kameza bila kutafuna. Hakuna ushahidi wa maana kwamba Wajerumani walidanganyika, na rada walikuwa nazo wenyewe, Freya na Würzburg. Aliyeshawishika hasa ni Mwingereza wa kawaida. Taa za mitaani zilizimwa tangu Septemba 1939 ili ndege za adui zisiione miji, watu wakigongwa na magari gizani. Sukari ilikuwa ya mgawo, karoti zimejaa tele. Wizara ya Chakula chini ya Lord Woolton ikamleta Daktari Karoti, kikatuni chenye mkoba ulioandikwa vitamini A, na watoto wakapewa karoti kwenye kijiti badala ya aiskrimu. Ukiwa na karoti za ziada na watu wanaopapasa gizani, ungewaambia nini?

Wanaosema serikali haikupaswa kuwatia chumvi raia wake wana hoja. Mwenye vitamini A ya kutosha hata ale gunia zima hataona zaidi. Ataishia kuwa na ngozi ya manjano. Chumvi iko hapo tu, katika kuhama kutoka "usikose" kwenda "ukizidisha utaona kama paka".

Hiyo "usikose" lakini si porojo. Mwili hugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, na jicho huitumia kutengeneza kemikali inayonasa mwanga hafifu. Ikipungua, kuona jioni ndiko huanza kuharibika. Mtoto aliyecheza mchana kutwa bila shida, jua likizama anajikwaa kwenye kigoda anachokijua, anashika ukuta, anakaa kimya pembeni. Wamisri wa kale walitibu hali hiyo kwa ini, na akipatiwa vitamini hiyo mapema, siku chache tu anarudi kukimbia. Mama yake ndiye anayesikia siku hizi kwamba habari za karoti na macho ni uongo wa vita.