Matawi ya jiografia ya binadamu na hesabu ya Mjini Magharibi

Kila mitaala ya skuli na vyuo inapojadiliwa hapa Zanzibar, hutokea wanaosema kwamba jiografia ya binadamu imekatwakatwa mno: idadi ya watu mbali, miji mbali, kilimo, uchumi, siasa, afya, utalii na jinsia kila moja na mlango wake. Hawakosi sababu. Visiwa ni vidogo, ajira za wataalamu ni chache, na aliyesomea utalii pekee anaweza kuisifu hoteli mpya ya Nungwi bila ya kuuliza maji yake yanatoka wapi. Wanamtaka mwanajiografia anayekijua kisiwa kizima, wala hilo si la kubezwa.

Tatizo la hoja hiyo ni kulichukulia kila tawi kama shamba lililozungushiwa ua. Manufaa ya matawi huonekana pale yanapoelekezwa yote kwenye jambo moja, na jambo lililo karibu nasi ni sensa.

Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Mwaka 2022 walihesabiwa 893,169. Hilo ni ongezeko la watu 299,491, zaidi ya nusu ya ongezeko la Zanzibar nzima, iliyotoka watu 1,303,569 hadi 1,889,773. Mtaalamu wa idadi ya watu atataka kwanza kujua ni wangapi wamezaliwa humo na ni wangapi wamehamia, kwa sababu mahitaji ya madarasa ya watoto wadogo na mahitaji ya vyumba vya kupanga hayakadiriwi kwa hesabu moja. Mtaalamu wa miji hataridhika na jumla ya mkoa. Ataichambua wilaya kwa wilaya, na hapo ndipo litakapodhihiri lililofichwa na jumla hiyo. Wilaya ya Mjini, iliyokuwa na watu 223,033 mwaka 2012, ilipungua kidogo katika miaka hiyo kumi. Kwa hiyo ongezeko lote, tena na ziada, limeangukia wilaya nyingine mbili za mkoa, Magharibi A na Magharibi B. Mkoa umekua kwa nusu nzima na kitovu chake kimepungua! Tunaposema kwamba mji umejaa, tunausema mji upi? Anayepanga kwa kusoma jumla peke yake anaweza kuelekeza fedha na macho yake Darajani, katika Wilaya ya Mjini, ilhali familia mpya zinajenga Fuoni, katika Magharibi B.

Kutoka hapo maswali yanazaana. Wa uchumi atauliza ni nyumba ngapi za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, zimeacha kuwa makaazi na kuwa za kulaza wageni. Wa kilimo atauliza ni mihogo na minazi kiasi gani iliyopisha viwanja. Wa afya ataangalia visima na mashimo ya vyoo yanavyokaribiana, hasa penye mawe ya matumbawe kama Fumba, ambako maji machafu hupenya upesi. Swali la namna hiyo si geni kwetu: James Christie, tabibu aliyekuwepo Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichoufuatilia ugonjwa huo kwa njia za misafara na vyombo vya baharini. Hayo yote hayawezi kuulizwa vyema na mtu mmoja mwenye ujuzi wa juu juu wa kila kitu.

Jiografia ya jinsia, inayodharauliwa kuliko yote, ina hoja yake kwenye mwani. Wakulima wengi wa zao hili ni wanawake. Maji ya ufukweni yanapopata joto na mwani kuugua, ushauri wa kuhamia maji ya kina kirefu huonekana rahisi mpaka iulizwe ni nani anayejua kuogelea na ni nani mwenye chombo.

Wapinzani wako sahihi kwamba matawi hayo mara nyingi hayasemezani, na mwanafunzi hutoka na fasili alizozikariri asizoweza kuzitumia. Basi mitaala ikipunguzwa, zipunguzwe fasili hizo, na muda utakaopatikana wapewe wanafunzi jedwali la sensa la shehia zao, yaani maeneo madogo kabisa ya utawala, walichambue kwa tawi moja baada ya jingine, kisha waeleze ni wapi majibu yanagongana.