Bajeti ya Harusi Yenye Kava ya Msiba

Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilinipa ukatibu kwa sababu moja tu: mimi ndiye nisiyekosa bando. Mwenyekiti akasisitiza bajeti itoke kwenye vitabu vyenye kava, maana wazee wakiona karatasi isiyo na kava huahidi elfu kumi kumi.

Nikaenda steshenari ya mtaani kwetu Tabata, flashi mkononi. Kijana wa pale ana haraka siku zote, na siku hiyo Luku ilikuwa inalia. Hakuanza faili jipya. Alifungua la mteja wa zamani lililokwishapangwa vizuri, akafuta kilichomo, akabandika bajeti yangu. Tukashuka hadi ukurasa wa mwisho kuhakiki hesabu ya vinywaji. Tukiwa huko huko chini akabofya Insert, akachagua kava iitwayo Facet. Sasa Word, programu ya kuandikia, ina tabia yake: hata ukiwa ukurasa wa mwisho, kava itakwenda kukaa mbele. Sisi macho yetu yako kwenye makreti ya soda.

Printa ya pale hutoa karatasi kifudifudi. Kijana akapiga pini kwa mazoea, akatia vitabu kwenye bahasha ya kaki, nikalipa, nikadaka bodaboda.

Kikaoni vitabu vikagawiwa. Ukumbi ukanyamaza ghafla. Kwenye kava, kwa herufi kubwa: RATIBA YA MAZISHI. Chini yake: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Mwandishi: Admin.

Kumbe lile faili la zamani lilikuwa la msiba. Ukifuta maandishi, kichwa cha habari, mwandishi na muhtasari havifutiki. Vinabaki vimejificha kwenye taarifa za faili, na ukiweka kava mpya Word inavichota na kukujazia yenyewe, tena bila kuombwa.

Shangazi akafunua ndani, akakuta jina la bwana harusi. Mikono kichwani. "Mwanangu jamani, mwanangu!"

Bwana harusi mwenyewe yuko kiti cha pili, nyama mdomoni. "Shangazi, nipo."

"Hebu nyamaza kwanza!"

Mama mkubwa akasema huu ni uchuro, harusi isogezwe mbele. Mjumbe mmoja, sijui alikuwa anatania au vipi, akanyoosha mkono kuuliza kama mazishi kweli yanahitaji MC na keki ya ghorofa tatu.

Hapo ndipo mjomba akaingia, kachelewa kama kawaida yake. Huyu tulimtumia meseji za mchango mpaka akazima tiki za bluu. Akapewa kitabu mlangoni, akasoma kava, akavua kofia. Hakuuliza kitu. Akaenda moja kwa moja kwa mweka hazina, akachomoa laki mbili taslimu.

"Poleni sana. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mweka hazina wetu ni mama wa vikoba. Akalamba kidole, akahesabu noti moja moja, akaandika risiti, akagonga muhuri.

Mjomba akaketi, akamwinamia jirani yake kwa sauti ya chini. "Kwani amefariki nani?"

"Hakuna msiba, mzee. Ni kikao cha harusi."

Akasimama. "Basi nirudishieni, ile ilikuwa rambirambi."

"Risiti inasema mchango, mjomba," mweka hazina akajibu huku akifunga zipu ya pochi. "Na uliahidi laki tatu. Bado moja."