Kampuni isiyolipa: tuombe ifilisiwe, au tudai deni tu?

Tangu sheria ya 2017 ilipotenga kazi za ukandarasi mdogo kwa ajili ya kampuni za Wakongomani, wafanyabiashara wengi wadogo wa Lubumbashi wanauzia makampuni makubwa chakula, magwanda na usafiri. Mzigo ukifika, ankara inapigwa muhuri. Kisha mhasibu anaanza: rudi wiki ijayo. Miezi inapita, na mdai naye anadaiwa na benki pamoja na madereva wake.

Hapo avoka (wakili) anashauri: tuiombe tribunali ya biashara iifilisi kampuni hiyo, yaani mali yake iuzwe ili wanaoidai walipwe. Sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, zilizoanza kutumika kwetu Kongo Septemba 2012, zinamruhusu hata mdai mmoja kwenda mahakamani, mradi deni lake liwe la hakika, kiasi chake kijulikane na muda wa kulilipa uwe umefika. Hazikuweka kiwango cha chini kama Uingereza, ambako kwa kawaida deni hutakiwa kuzidi pauni 750.

Lakini deni moja peke yake halitoshi. Ni lazima ionekane kwamba kampuni haina fedha za kulipia madeni yaliyoiva. Kampuni yenye kiburi si lazima iwe imefilisika, na kwa hiyo ya kiburi dawa ni amri ya malipo, ambayo rais wa tribunali huitoa kwa ombi la mdai. Kuitishia kuifunga ili ilipe ankara moja ni kuchezea ajira za watu.

Hata hivyo, siwezi kuwalaumu wanaoomba kampuni ifilisiwe. Amri ya malipo haigusi mali iliyokwisha kuhamishwa. Tribunali inapotamka kwamba kampuni imeshindwa kulipa, inaweza kurudisha tarehe ya kushindwa huko nyuma hadi miezi 18, na zawadi au malipo ya kupendelea yaliyofanyika katika kipindi hicho yakaondolewa nguvu. Malori yaliyopewa shemeji bure yanaweza kurudi. Wala kufilisi si hukumu pekee: kampuni ikileta mpango wa kweli wa kulipa, inaweza kuwekwa chini ya usimamizi ikaendelea na kazi.

Kinachoniuma ni mgawanyo wa fedha mali ikishauzwa. Gharama za mahakama za kuuza mali hutoka kwanza, mishahara ina nafasi yake ya mbele, benki yenye rehani ina yake, Hazina nayo ipo. Muuzaji wa magwanda, aliyetanguliza ada na malipo ya avoka, yuko mwisho wa foleni. Akichelewa kuomba, gharama zinameza kilichobaki.

Kwa hiyo naona njia hii inafaa pale tu fedha zimekwisha kweli, na ichukuliwe mapema. Sheria inamtaka mkurugenzi mwenyewe atangaze hali hiyo ndani ya siku 30. Tribunali ingeanza na swali hilo kwenye kikao cha kwanza: uliacha kulipa lini, na kwa nini hukuja mwenyewe?