Uniti ya 76

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba unachemshia maharage umeme, atakuuliza umepandishwa cheo lini. Umeme ni wa taa, televisheni, friji na kuchaji simu. Jikoni hauingii, kwa sababu "unakula". Ndiyo maana tangu serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, maneno "nishati safi" yamegeuka kuwa jina jingine la mtungi wa gesi. Mitungi ya kilo 6 imegawiwa, mingine bure, mingine kwa bei ya ruzuku, na picha zikapigwa.

Sina ugomvi na gesi. Inawaka hata umeme ukikatika, chapati inaipenda, na mama aliyetoka kwenye mkaa akaingia kwenye gesi ameshapumzisha mapafu yake. Lakini wapo wanaoamini kwamba gesi ya mtungi ndiyo ile ya Mtwara na Songosongo, kwa hiyo kuinunua ni kula cha kwetu. Sivyo. Ya kwetu ni gesi asilia, na sehemu yake kubwa inakwenda kwenye mitambo ya kufua umeme, kama ile ya Ubungo na Kinyerezi. Ya mtungi inaletwa na meli kutoka nje, na dola ikipanda nayo inapanda. Anayepikia cha kwetu ni yule aliyechomeka jiko ukutani: gesi ya Songosongo imo, na maji ya Rufiji yamo, maana Bwawa la Julius Nyerere peke yake limejengwa kutoa megawati 2,115.

Sasa huo ulaji. Umeme ulipata jina baya kwa sababu ya jiko la koili. Weka maharage makavu juu ya koili, uyaache yatokote saa mbili na nusu, na uniti mbili hadi tatu zimekwenda. Hapo mtu ana haki ya kulia. Ila presha kuka ya umeme ni kitu kingine kabisa. Inachemsha, inafunga mvuke ndani, kisha inajizima na kujiwasha yenyewe kidogo kidogo ili presha isishuke. Maharage ya familia yanaiva kwa nusu uniti, pengine pungufu. Kwa bei ya kawaida ya Luku, shilingi 356 makato yakiwemo, nusu uniti haifiki shilingi 200. Hakuna kipimo cha mkaa cha shilingi 200 kitakachoivisha maharage, labda uyatafune yakiwa yanalia. Makande, kongoro, mchuzi wa nyama ngumu, hesabu ni ile ile: chakula kinachokawia motoni ndicho chenye faida kubwa, na hicho ndicho watu wanachokiogopea umeme.

Hadi hapo ningeweza kufunga mjadala na kuwaita wanaobisha wavivu wa hesabu. Nimewahi kufanya hivyo, na nilikosea. Wanaobisha wanajua kitu ambacho sisi wapenda presha kuka tunakiruka.

Mteja mdogo wa umeme yuko kundi la D1. Humo uniti ni shilingi 100, na makato yakiingia ni 122, mradi matumizi yake yasivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka na kuendelea kuvuka, anahamishiwa T1, ambako uniti ni 292, na makato yakiingia ndiyo ile 356. Halipi bei hiyo kwa uniti zilizozidi tu. Analipa kwa zote, kuanzia ya kwanza.

Chukua nyumba yenye friji ndogo, televisheni na taa, inayotumia uniti 60 kwa mwezi. Kwa D1 inalipa shilingi 7,320. Sasa inunue presha kuka na kuitumia kila siku, tuseme uniti moja kwa siku kwa milo yote. Kila mwezi unaisha na uniti 90. Ikiendelea hivyo inatolewa D1, na sasa inalipa shilingi 32,040. Jiko limetumia uniti 30, lakini bili imepanda kwa shilingi 24,720. Kila uniti ya jikoni imemgharimu mwenye nyumba shilingi 824, ingawa hakuna bango lolote lenye bei hiyo. Na hizo 24,720, ukizipeleka kwa muuza gesi mtaani, zinakaribia kujaza mtungi wa kilo 6.

Kwa hiyo mama anayesema umeme unakula hasemi uongo. Amekosea tu kumtaja mlaji. Aliyekula ni mpaka wa uniti 75, uliowekwa kwa hesabu ya nyumba yenye taa na redio, wakati hakuna aliyemfikiria anayepika.

Wapo wenye hoja nzito upande wa pili. Bei ya D1 ni ya huruma, inabebwa na wateja wengine. Ukiusogeza mpaka hadi 120, watakaonufaika wa kwanza ni wenye friji na pasi, na maskini asiye na umeme kabisa hapati kitu. Tena umeme wetu una tabia zake. Mgao wa mwishoni mwa 2023 bado tunaukumbuka, na hakuna atakayetupa jiko lake la mkaa huku anajua Jumamosi kunaweza kukatika. Hoja hiyo ya pili siipingi. Nyumba yoyote ya kawaida itabaki na moto wa aina mbili, na ugali wala chapati havijawahi kuwa kazi ya presha kuka.

Ile ya kwanza, Uganda waliijibu kwa namna ya kuvutia. Waliweka bei ya kupikia: mteja wa nyumbani akifika uniti ya 81, bei inashuka hadi shilingi 412 za kwao, karibu nusu ya bei yao ya kawaida ya nyumbani, mpaka ya 150. Ina kasoro, kwa sababu asiyefika 80 haionji. Lakini tazama upande inakoelekea. Kule ukizidisha kwa ajili ya jiko unashushiwa bei, huku unapandishiwa.

Kuna kundi jingine ambalo mpaka wa 75 hauligusi: wapangaji wa nyumba za vyumba sita wenye Luku moja. Wao walishavuka zamani, wanalipa bei ya T1, na kwao presha kuka ingekuwa nafuu tangu siku ya kwanza. Bahati mbaya mwenye nyumba alishawaambia siku ya kuhamia: pasi kwa zamu, hita marufuku, jiko la umeme usinionyeshe. Naye simlaumu sana, alishaona koili. Kila Luku ikiisha ni kikao uani, kila mmoja akimtazama mwenziwe mwenye friji.

Jirani yangu mmoja amejitafutia njia. Yuko D1 na ana presha kuka. Anaandika uniti anazonunua kwenye kalenda ya ukutani. Ikifika tarehe 20 hivi, jumla ikiwa imekaribia 70, anaifuta presha kuka, anairudisha kwenye boksi lake, na kumtuma mtoto akanunue mkaa.